Simu moja, darasa la watoto mia

Na Mwandishi Wetu

Katika mji wa Katoro, Wilaya ya Geita, chombo cha kupashana habari kilichoenea kuliko vingine vyote ni simu ya mkononi. Anayo mchimbaji anayeteremka duarani, anayo mama muuza dagaa, anayo kijana wa bodaboda, na wengine hawatosheki na moja. Kitabu hakikubahatika hivyo. Katika shule zetu nyingi za umma si jambo geni kukiona kitabu kimoja cha kiada kimezungukwa na vichwa vitano vya watoto, na yule aliye pembeni kabisa akiyasoma maandishi kwa upande. Kubishana kama simu ni njema au ni mbaya ni kupoteza wakati, maana imekwisha ingia nyumbani bila kubisha hodi. Linalowapasa wazazi na walimu kujiuliza ni nani ataishika, wakati gani, na kwa kazi ipi.

Katoro inayozungumzwa hapa ni ile ya Geita, kwenye barabara iendayo Bwanga, wala si Katoro ya Bukoba. Ni mji uliokua upesi kuliko mipango yake. Dhahabu ya machimbo ya jirani, kama Rwamgasa na Nyarugusu, pamoja na biashara ya mazao na mifugo, imewavuta hapo Wasukuma, Wazinza, Waha, Wahaya na wengine wengi. Leo nyumba za Katoro zimekaribiana mno na za Buseresere, iliyo Wilaya ya Chato, hata mgeni apitaye kwa basi hatambui kwamba amevuka mpaka wa wilaya. Mkoa wa Geita wenyewe ulizaliwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 2,977,608. Na mwaka 2025 Katoro ikafanywa jimbo la uchaguzi.

Watu wanapoongezeka namna hiyo, madawati ndiyo yanayoelemewa kwanza. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, iliwafungulia mlango watoto ambao hapo awali wangebaki nyumbani, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mlango ulipofunguka, kuta hazikusogea. Kiwango kinachokusudiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa shule ya msingi. Katika miji ya machimbo darasa la watoto mia moja na zaidi halimshangazi mtu.

Na nje ya dirisha la darasa hilo dhahabu inaita. Shirika la Human Rights Watch lilipochapisha taarifa yake ya Agosti 2013 juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, Geita ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotembelewa. Taarifa hiyo ilieleza jinsi watoto walivyokuwa wakichimba mashimoni, wakiponda mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Mtoto aliyekaa nyuma ya wenzake tisini, asiyeuona ubao wala kumsikia mwalimu, ana kila sababu ya kuyatazama machimbo. Habari ya rashi mpya husafiri kwa simu upesi kuliko mlio wa kengele ya shule.

VYOMBO VYENYEWE

Vyombo vya mtandao vinavyohusu shule viko vya namna mbili, na inafaa kuvitenga. Vya kwanza ni vya kuletewa: mtu mmoja anaandika au anarekodi, wengi wanapokea. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, ni ya namna hiyo. Humo vitabu vya kiada vya shule za msingi na sekondari husomwa bila malipo na yeyote mwenye simu janja na bando. Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013, nayo huwapa wanafunzi wa sekondari masomo na maswali ya kujipima.

Vya pili ni vya kushirikiana: anayesoma anaweza pia kuandika, kuuliza, kusahihisha na kujibu. Humo limo kundi la WhatsApp, ambalo kila mtu analijua. Zimo kurasa zinazoandikwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja akiwa kwake. Na imo ile iitwayo wiki. Msomaji asidhani kuwa hili ni juma la siku saba. Ni neno la Kihawaii lenye maana ya upesi, na kule hulirudia, wiki wiki, kama sisi tunavyosema harakaharaka. Mmarekani Ward Cunningham alilichukua mwaka 1995 alipotengeneza ukurasa wa kwanza ambao msomaji yeyote aliweza kuubadilisha papo hapo. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa Wikipedia mwaka 2001, na Wikipedia ya Kiswahili mwaka 2003. Wazee wetu hawakuisifu sana harakaharaka, lakini hii imezaa kamusi elezo kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa duniani.

Tofauti ya namna hizi mbili si ndogo. Mtoto anayeletewa tu hubaki mnunuzi, hata kama hakutoa senti. Mtoto anayeandika ili wenzake wasome hulazimika kuuliza, kupima na kupanga maneno. Na hapo ndipo elimu inapoanza kumkaa mwilini.

REDIO MOJA NA KIKUNDI CHAKE

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri, kwamba haiwezekani kufundisha kwa chombo ambacho kila mtoto hana chake. Wanaosema hivyo wamesahau historia ya nchi hii.

Mwaka 1973, chini ya uongozi wa TANU, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijifunza kwa redio. Je, walikuwa na redio milioni mbili? La hasha. Walikaa katika vikundi, redio moja kwa kikundi kizima, chini ya mwembe au katika darasa lililoazimwa. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa kazi yake na kitabu cha kufuatia somo. Kipindi kilisikilizwa, kitabu kikasomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma asiachwe nyuma, kisha redio ikazimwa na mazungumzo yakaanza: je, sisi hapa kijijini tuna tatizo hili? Tutafanya nini juma hili? Vyoo vikachimbwa kwa maelfu, madimbwi yakafukiwa, nyasi zikafyekwa. Kabla yake kulikuwa na Wakati wa Furaha, mwaka 1971, na baada yake kikaja Chakula ni Uhai, mwaka 1975.

Kanda ya Ziwa ilikuwa na sehemu yake ya pekee katika kazi hiyo. Toka mwaka 1968 hadi 1972 mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi ilikuwa uwanja wa mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, na Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia kazi zao wenyewe, kama vile pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe. Ili waliojua kusoma wasije wakasahau, mwaka 1974 lilianzishwa huko Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, kwa Kiswahili chepesi. Gazeti hilo halikuwa la kusomwa tu, wanavisomo waliliandikia. Mkulima aliyejifunza kuandika jina lake akiwa na umri wa miaka arobaini aliweza kuyasoma maneno yake mwenyewe yakiwa yamepigwa chapa.

Hapo ndipo ninapoiona njia ya Katoro. Vikundi vya redio vilikuwa na mambo manne ambayo makundi mengi ya simu hayana: kiongozi, somo lililopangwa, saa ya kuanza na kumaliza, na kazi ya kufanya baada ya mazungumzo. Ukiyaondoa hayo manne, kundi lolote, la redio au la WhatsApp, huwa baraza la porojo. Wasukuma hawahitaji kufundishwa hili. Vijana wao walilima kwa pamoja chini ya nsumba ntale, mkuu wa vijana, wakiimba na kupiga jembe kwa mdundo mmoja, na asiyefika shambani alijulikana. Jembe lilikuwa la kila mtu. Kilichofanya shamba liishe ni mpango.

YALIYOTUPATA MWAKA 2020

Jaribio kubwa la kufundisha kwa mtandao lilitujia bila kuliita. Tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wa shule za msingi na madarasa mengi ya sekondari hawakurudi mpaka tarehe 29 Juni. Vipindi vya masomo vilitolewa redioni na katika televisheni, na walimu wengi wakafungua makundi ya WhatsApp kwa hiari yao na kwa bando walilolinunua kwa mshahara wao.

Matokeo yalikuwa ya namna mbili. Mtoto ambaye mzazi wake alikuwa na simu janja, na alikuwa nayo nyumbani mchana, aliendelea kupata mazoezi. Mtoto ambaye baba yake alikwenda machimboni na simu mfukoni, au ambaye mama yake alikuwa na kile kisimu kidogo cha kitochi, hakupata kitu. Darasa moja likagawanyika mara mbili, na shule zilipofunguliwa mwalimu alirithi mgawanyiko huo. Chombo kikiachwa kimfuate mwenye nacho, hakina budi kuzidisha tofauti iliyokuwapo, hata kama kila anayekitumia ana nia njema. Kwa hiyo simu za shule za Katoro hazina budi kuwa za kikundi, na si za mtoto mmoja mmoja.

WALIMU KWANZA

Kanuni za shule zetu haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu shuleni, na mimi siombi zibadilishwe. Simu inayohitajika ni ya mwalimu. Baada ya Sensa ya Agosti 2022 Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Kishikwambi kimoja mbele ya watoto mia moja ni kitu kidogo. Lakini vishikwambi vya walimu kumi na wawili wa shule moja, vikipangiwa zamu ili kila darasa livipate vyote kwa kipindi kimoja, huwapa watoto mia vikundi kumi na viwili vya watoto wanane au tisa. Hiyo ni redio ya mwaka 1973 iliyorudi ikiwa na picha.

Hata hivyo mwalimu mwenyewe anahitaji wenzake kabla ya kuwakusanya watoto. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambao TET inauratibu, umeweka jambo hili mahali pake: walimu wa shule moja hukutana katika jumuiya ya ujifunzaji, huzungumza juu ya somo lililowashinda, na huweza kufuata mafunzo mengine kwa mtandao. Mwalimu wa hesabu aliyebuni njia ya kufundisha sehemu kwa vifuniko vya soda anaweza kuipiga picha akaituma kwa mwenziwe wa Nyarugusu, na jioni ile ile akaulizwa swali ambalo hakulifikiria.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano unaofanana na hali ya Katoro kuliko mfano wowote wa Ulaya. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambako madarasa ya watoto zaidi ya mia ni ya kawaida na walimu wengi ni wakimbizi wenyewe wasiopata chuo, ulianzishwa mpango ulioitwa Teachers for Teachers, ukiongozwa na Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Walimu walipewa mafunzo ya ana kwa ana, wakatembelewa madarasani na mwenzao mwenye uzoefu, na kisha wakaunganishwa kwa WhatsApp na walimu washauri walioko nchi nyingine. Mpangilio huo ndio wa kuangaliwa: watu walikutana kwanza, simu ikafuata. Wengi wetu hufanya kinyume, tukafungua kundi leo na kutarajia umoja uote wenyewe kesho.

MAKTABA ISIYOHITAJI MTANDAO

Sasa tuje kwenye maktaba. Mwalimu Nyerere alipofungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, nia ilikuwa kwamba huduma hiyo ienee hadi mikoani na wilayani. Kazi hiyo iliendelea chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na mikoa mingi ina maktaba yake. Lakini kata nyingi nchini bado hazina jengo la maktaba, wala hakuna dalili kwamba zitalipata upesi.

Upo ufumbuzi mdogo ambao haujulikani kama unavyostahili. Programu iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huwezesha Wikipedia nzima ya lugha fulani kuhifadhiwa na kusomwa bila intaneti. Ile ya Kiswahili inaenea katika kadi ndogo ya kumbukumbu inayolingana na ukucha. Kadi hiyo huweza kuwekwa ndani ya kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni, mathalani ile iitwayo Raspberry Pi, iliyotoka Uingereza mwaka 2012 kwa bei ya dola 35. Kompyuta hiyo hutoa mawimbi yake yenyewe. Simu na vishikwambi vilivyomo chumbani hujiunga nayo na kusoma yaliyomo bila kukata hata shilingi moja ya bando. Umeme inaoutumia ni mdogo kuliko wa balbu ya kizamani, na paneli ya jua ya kiasi huweza kuiendesha.

Pamoja na Wikipedia huweza kuwekwa humo hadithi za watoto. Mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014 na kujaribiwa kwanza katika nchi kama Kenya, Uganda na Afrika Kusini, una hadithi nyingi zenye picha, za Kiswahili zikiwamo, ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzinakili, kuzichapa na kuzitafsiri. Mwalimu anaweza kuichukua hadithi ya sungura wa Uganda akaipeleka kwenye mbuga za Geita na kubadilisha majina. Sheria ya hakimiliki haivunjwi, kwa kuwa waandishi wenyewe wametoa ruhusa tangu mwanzo.

Anayeshuku faida ya kuwa na hazina isiyotegemea waya aikumbuke tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukadorora au kuzimika kabisa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Maktaba iliyomo ndani ya sanduku kule Katoro isingejua kwamba kuna jambo lililotokea.

KATORO IANDIKWE NA NANI?

Lakini kusoma ni nusu ya kazi, na kwa maoni yangu ni ile nusu iliyo nyepesi. Fungua Wikipedia ya Kiswahili utafute kata za nchi yetu. Karibu zote zina ukurasa, na hiyo ni sifa kwa waliojitolea kuzianzisha. Lakini kurasa nyingi ni mistari michache tu: jina la kata, jina la wilaya na mkoa, namba ya posta, na hesabu ya watu kutoka sensa. Mtoto wa Katoro anaweza kusoma mengi juu ya mto Amazon, lakini juu ya mji aliozaliwa atapata ya kuenea kwenye bahasha.

Nani atayaandika? Mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili, na mamia ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya wakajiandikisha. Makala nyingi zilipatikana. Mashindano yana faida yake, ila zawadi humleta mtu mara moja, na ukurasa unahitaji mlezi wa kila mwaka. Shule ina jambo ambalo kampuni haina: kila Januari inapata darasa jipya.

Hapa pana kizuizi ambacho walimu wakijue mapema ili watoto wasivunjike moyo. Wikipedia haipokei habari isiyo na ushahidi uliochapishwa. Mzee wa Katoro anayekumbuka duka la kwanza lilifunguliwa na nani, au anayejua njia waliyopita watu kwenda kufanya kazi katika mgodi wa zamani wa Geita, uliofungwa mwaka 1966, hahesabiwi kuwa ushahidi akisema tu. Kwa nchi iliyojaa vitabu kanuni hiyo haiumizi. Kwetu, ambako kumbukumbu nyingi zimo vichwani mwa wazee, inaacha nje mengi yaliyo kweli. Walakini siwezi kuilaumu, maana bila hiyo kila mwenye ugomvi wa kiwanja angekimbilia kuandika historia yake.

Dawa yake iko shuleni na maktabani. Lile sanduku la maktaba huweza pia kubeba wiki ya shule yenyewe, isiyotoka nje ya uzio. Humo kikundi cha watoto wanane huandika ukurasa mmoja: soko, jina la mji, barabara, visima, mazao, michezo, au mgodi mkubwa ulioanza kazi mwaka 2000 na mabadiliko uliyoyaleta. Watoto huenda kwa wazee na daftari. Wakirudi huandika, kikundi cha pili huusoma ukurasa wa cha kwanza na kuuliza, mliambiwa na nani? Mwingine alisema vingine, je, tuandike yote mawili? Mwalimu hutazama historia ya ukurasa, kwa kuwa wiki huweka kumbukumbu ya kila badiliko, akajua ni mtoto yupi aliyeandika sentensi gani na ni yupi aliyeketi tu. Kwa mwalimu mwenye daftari mia za kusahihisha, hiyo peke yake ni nafuu kubwa.

Mwisho wa mwaka kurasa zilizokomaa zipigwe chapa katika kijitabu, hata kama ni cha kurasa ishirini zilizobanwa kwa pini. Kijitabu hicho kikipokewa na maktaba, kikapewa namba na kuwekwa rafuni, maneno ya mzee wa Katoro yatakuwa yameanza safari ya kuwa ushahidi, na mtafiti atakayeuliza miaka thelathini ijayo atakuwa na pa kuanzia. Mkutubi, ambaye tumemzoea kama mtu wa kutoa vitabu, hapa anakuwa mtu wa kuvipokea.

KWA BABA NA MAMA

Yote haya yatavurugika ikiwa nyumbani hakuna utaratibu. Jambo la kwanza ni picha za watoto. Imekuwa mazoea kumpiga picha mtoto anayelia, aliyeshindwa mtihani au aliyechapwa, na kuitupa katika kundi lenye watu mia mbili ili wacheke. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari zinazomhusu mtoto katika fungu la taarifa zinazohitaji ulinzi wa pekee. Alama za mtihani zikitumwa kwenye kundi la wazazi wote, majina ya walioshika mkia yakiwa chini kabisa, anayeaibishwa ni mtoto, na aibu hiyo ni moja ya njia zinazoelekea machimboni. Mzazi atumiwe alama za mwanawe peke yake.

La pili ni mabinti. Mji wa machimbo una wanaume wengi wenye fedha za ghafla, na simu ndiyo njia yao ya kupita juu ya ukuta wa nyumba. Msichana aliyepewa simu kwa siri na mtu asiye mzazi wake hajapewa zawadi. Mama asikague simu ya binti kama polisi anayepekua mzigo. Aketi naye, amwulize anaongea na nani, na ampe nafasi ya kusema bila kupigwa. Msichana anayeogopa kipigo cha baba ndiye anayeficha mpaka jambo limeharibika.

Tatu, simu ya nyumbani iwe na saa yake. Baada ya chakula cha jioni, ikae mkekani mbele ya watu wote, na mtoto asome kwa sauti ukurasa mmoja aliopewa na mwalimu. Bibi asiyejua kusoma atasikia, na huenda akasahihisha. Ikiwa mzazi hajui kuandika, WhatsApp inapokea sauti: dakika moja ya bibi akieleza jinsi walivyokuwa wakihifadhi viazi vilivyokaushwa, yale michembe, inatosha kabisa kuwa somo la kesho. Kundi la wazazi nalo lifunguliwe na kufungwa kwa saa, na mwalimu asitakiwe kujibu ujumbe saa tano za usiku.

Fedha ni swali ambalo haliwezi kuepukwa. Si haki bando la kufundishia lilipiwe na mshahara wa mwalimu, na kamati ya shule ikae na jambo hilo kama inavyokaa na chaki. Wafanyabiashara wa Katoro, ambao huchangia harusi bila kusita, hawatafilisika kwa kununua kompyuta ya ukubwa wa sabuni na paneli moja. Linalohitaji mjadala mrefu zaidi ni nani atakayelitunza sanduku hilo. Likifungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu litakuwa pambo. Likiachwa darasani litaibwa. Shule zinazofikiria kuanza zichague watoto wanne wakubwa, wasichana wawili na wavulana wawili, wafundishwe kuliwasha, kulizima, kufuta vumbi na kuandika katika daftari ni darasa gani lililotumia na kwa saa ngapi, na kila muhula wawafundishe wanne wengine kabla ya kukabidhi ufunguo.